Noti, kadi au simu: ubebe pesa vipi kwenye jiji kubwa la ugenini?

Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, mashine ya ATM ilimeza kadi yangu. Ilikuwa mashine ya ukutani, nje ya tawi la benki lililokwisha kufungwa, katika mji mkuu mmoja wa Ulaya ambako nilikuwa nimetua asubuhi ile ile. Kioo kiliandika maneno machache kwa lugha nisiyoijua, kikazima, kisha kikawaka tena kumkaribisha mteja mwingine. Nyuma yangu watu wawili walikuwa wanasubiri zamu yao. Mfukoni nilikuwa na euro 18 na sarafu kadhaa. Benki ingefunguliwa Jumatatu.

Sikulala njaa, maana kadi ya pili ilikuwa chumbani, ndani ya soksi. Lakini ule mwendo wa kurudi hotelini kwa miguu ulinibadilisha namna ninavyopima mambo haya. Zamani niliangalia makato tu: nani anakata kidogo, wapi kuna nafuu. Siku hizi swali la kwanza ni jingine. Hiki kikiibwa, kikipotea au kikigoma, nitabaki na nini, na itanichukua muda gani kusimama tena? Makato ya asilimia mbili au tatu yanauma, ila hayamlazi mtu nje. Kwa hiyo hapa chini nimelinganisha kila kitu kwa kipimo hicho kwanza, makato yanafuata nyuma.

Noti na kadi

Noti haiombi ruhusa kwa mtu. Mtandao ukikatika, betri ikiisha, benki yako ikishtuka kuona manunuzi kutoka nchi ya mbali na kuifunga kadi, noti inabaki noti. Udhaifu wake umo humo humo kwenye nguvu yake: ikiibwa, imekwenda. Hakuna namba ya kupiga wala mtu wa kuizuia, na bima nyingi za safari hurudisha kiasi kidogo tu cha pesa taslimu, kama zinarudisha. Kadi ikiibwa unaifunga kwa dakika chache, na aliyeichukua anabaki na kipande cha plastiki.

Basi kwa usalama kadi iko mbele, na kwa uhakika noti iko mbele. Anayeniuliza abebe ipi namwambia abebe zote mbili, kisha akili yake aielekeze kwenye kiasi. Noti ziwe kiasi ambacho ukikipoteza chote utakasirika lakini safari itaendelea. Mimi hukadiria chakula cha siku mbili, nauli ya kurudi uwanja wa ndege na malazi ya usiku mmoja. Kinachozidi hapo kinabaki kwenye akaunti.

Jiji lenyewe nalo lina sauti katika hesabu hii, na hapa ndipo wasafiri wengi hukosea kwa kudhani miji mikubwa yote inafanana. Stockholm unaweza kukaa wiki nzima bila kugusa noti, na basi la mjini halipokei kabisa. Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu Julai 2014; ukipanda na sarafu mkononi hulipi kitu na hufiki popote. Berlin mambo yamegeuka: migahawa midogo na vibanda vingi bado vinataka noti, na mara nyingi kuna kikaratasi mlangoni kinachosema hivyo. Tokyo ina sura zote mbili, kwani maduka makubwa yanapokea kadi bila shida, ilhali mgahawa mdogo wenye mashine ya tiketi za chakula mlangoni mara nyingi unataka noti na sarafu. Wokovu wa mgeni pale ni ATM za maduka ya 7-Eleven, ambazo zinakubali kadi za nje.

Shanghai ni habari nyingine kabisa. Mtaani watu wanalipa kwa simu, wanaskani msimbo wa Alipay au WeChat, na kadi ya plastiki ya kigeni inaweza kumshangaza muuzaji. Mgeni anaruhusiwa kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard kwenye programu hizo. Afanye hivyo kabla ya kupanda ndege, wakati laini yake ya kawaida bado inapokea ujumbe wa uthibitisho bila matatizo. New York nayo imekwenda njia yake: tangu Novemba 2020 sheria ya jiji inakataza maduka kukataa noti.

Kabla ya kufunga begi, zitazame noti zenyewe. Ukirithi paundi za karatasi za 20 au 50 kutoka kwa aliyesafiri miaka iliyopita, madukani hazipiti tena tangu mwisho wa Septemba 2022. Zinazotumika ni za plastiki, na za zamani inabidi zipelekwe benki. Noti ya euro 500 haitolewi tena tangu 2019. Ni halali bado, lakini jaribu kuinunulia kahawa uone. Dola za Marekani hazifi kisheria hata ziwe za mwaka gani, ila maduka mengi ya kubadilisha fedha nje ya Marekani huzikataa za zamani, zilizochanika au zilizoandikwa kwa kalamu, au huzinunua kwa bei ya chini. Omba za toleo jipya, safi, na ziwemo ndogo ndogo. Noti kubwa kwenye mkono wa mgeni anayelipia chupa ya maji inamtangaza kwa kila mtu aliye karibu.

Kadi ya debiti au ya mkopo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye plastiki yenyewe.

Kadi ya debiti inachota pesa zako. Mtu akiitumia kwa wizi, pesa zinatoka kwenye akaunti yako leo, na wewe ndiye unayefuatilia ili zirudishwe. Wakati unabishana na benki, kodi na karo zinakusubiri. Kadi ya mkopo inachota pesa za benki. Ukipinga malipo, mnabishania deni ambalo hujalilipa bado, na salio lako la kula halijaguswa. Marekani wameiandika tofauti hii kwa tarakimu. Kwa kadi za huko, aliyeibiwa kadi ya mkopo hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50. Kwa debiti ni dola 50 kama umetoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ugundue, inapanda hadi 500 ukichelewa, na ukipitisha siku 60 tangu upelekewe taarifa ya akaunti, unaweza kupoteza vyote vilivyochotwa baada ya hapo. Nchi yako ina sheria yake na benki yako ina masharti yake, kwa hiyo yasome, lakini mwelekeo mara nyingi ni huo huo: kwenye debiti, kuchelewa kunakugharimu wewe.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawaambiwi. Hoteli na wakodishaji magari hushikilia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Kwenye kadi ya mkopo, kinachopungua ni kikomo chako cha kukopa. Kwenye debiti, ni pesa zako halisi zinazofungwa, na zinaweza kukaa siku kadhaa baada ya wewe kuondoka hotelini. Nimemwona msafiri mwenzangu anasimama kaunta na kadi yenye pesa ambazo hawezi kuzitumia, huku akieleza kwa mara ya tatu kwamba bili amelipa. Bili alikuwa amelipa kweli. Dhamana ndiyo haikuwa imeachiwa.

Kwenye ATM mambo yanageuka. Kutoa noti kwa kadi ya mkopo ni kukopa taslimu: unakatwa ada, na kwa kawaida riba inaanza kuhesabiwa siku ile ile, bila ile nafuu ya siku za kulipa unayopata kwenye manunuzi. Noti zitoke kwenye debiti. Malipo ya hoteli, tiketi na maduka yaende kwenye ya mkopo.

Kadi ya kujaza pesa kabla inakaa katikati. Uzuri wake ni kwamba mwizi hawezi kupita ulichojaza. Ubaya ni kwamba wakodishaji magari wengi na hoteli nyingine huikataa kwa dhamana, na ikipotea kupata nyingine ukiwa safarini si rahisi.

Kama huna kadi ya mkopo, na wengi hatuna, kuna njia ninayoipenda kuliko zote: fungua akaunti ya pili yenye kadi yake, na safiri na hiyo. Weka humo matumizi ya siku tatu au nne, kisha ongeza kwa simu kila zinapopungua. Kadi ya akaunti kuu, ile inayopokea mshahara, haitoki nyumbani. Mtu akikunakilia kadi kwenye mashine fulani usiku wa manane, ataamka na matumizi yako ya siku tatu, hatagusa mwaka wako mzima.

Simu kama pochi

Kiufundi, kulipa kwa simu ni salama kuliko kugusisha kadi. Namba halisi ya kadi haimfikii muuzaji, na bila kidole chako, uso au namba ya siri, kwa kawaida malipo hayapiti. Simu iliyookotwa haiwezi kulipa kirahisi kama kadi ya kugusisha iliyookotwa, ambayo kwa manunuzi madogo haiulizi kitu.

Tatizo ni mzigo tunaoibebesha. Simu hiyo hiyo ni ramani, ni tiketi ya ndege, ni anwani ya hoteli, ni laini inayopokea namba za uthibitisho za benki, ni mkalimani. Ikienda, vinakwenda vyote kwa pamoja, na hata kuifunga kadi unahitaji simu.

Nilishuhudia hili London, hatua chache kutoka nilipokuwa. Mama mmoja alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, uso kwenye ramani, simu ameishika kwa mkono mmoja kifuani. Kijana alikuja na baiskeli ya umeme, akapanda kidogo kwenye njia ya waenda kwa miguu, mkono ukatoka, akashuka tena barabarani. Hakupunguza mwendo. Yule mama alibaki ameukunja mkono vile vile, kama bado anasoma. Kisha akaanza kujipapasa mifukoni, akitafuta simu ili apige simu.

Tangu hapo nikitaka kusoma ramani naingia dukani, au naegemea ukuta mgongo ukiwa ndani na barabara mbele yangu. Kwenye treni sisimami mlangoni na simu mkononi, kwa sababu mlango unapokaribia kufungwa ndio wakati wa wezi. Namba ya siri ya simu naifunika kama ninavyofunika ya ATM. Mwizi aliyeiona ukiibonyeza kabla ya kukupokonya ana funguo za nyumba nzima.

Kabla ya safari bonyeza *#06# na uandike namba ya utambulisho inayotokea, kwenye karatasi. Polisi na kampuni ya simu wataitaka. Washa ulinzi dhidi ya wizi kwenye mipangilio ya simu, na jifunze kuifungia simu yako kwa mbali ukiwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Jaribu ukiwa nyumbani. Watu wengi hugundua siku ya tukio kwamba ili waingie wanahitaji msimbo unaotumwa kwenye simu iliyoibwa.

Mwenye simu ya zamani kabatini aichukue. Ikae chumbani, na programu ya benki iwe imeshaingizwa humo kama benki yako inaruhusu. Ni uzito wa gramu mia mbili tu.

Jambo dogo kwa wanaokwenda London: nauli za treni na mabasi zina kikomo cha siku, ukikifikia hukatwi tena. Lakini mfumo unahesabu kifaa. Ukigusisha simu asubuhi na kadi jioni, hata kama ni akaunti moja, unaweza kuhesabiwa kama abiria wawili. Chagua kimoja ukae nacho.

Wapi pa kupata noti: uwanja wa ndege, duka la kubadilisha, au ATM

Dirisha la uwanja wa ndege ndilo ghali karibu kila mahali, kwa sababu mteja wake amechoka na hana pengine pa kwenda. Badilisha hapo kiasi cha kukufikisha mjini, kama huna kabisa. Kisha ondoka.

Maduka ya mjini yanatofautiana sana. Lile bango kubwa la "hakuna kamisheni" halina maana yoyote peke yake. Faida yao imo kwenye pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Na mara nyingi bei inayong'aa kwa herufi kubwa ni ile wanayokuuzia, wakati wewe unahitaji ile wanayonunulia. Usiulize bei. Uliza hivi: "Nikikupa 100, unanipa ngapi mkononi?" Wakuandikie. Linganisha na bei ya soko uliyoiona kwenye simu, kisha ndipo utoe noti. Prague tabia hii ilisumbua watalii kiasi kwamba sheria iliingia: tangu Aprili 2019, aliyebadilisha fedha dukani kule ana saa tatu za kurudi na kufuta muamala wa hadi kiasi cha euro 1,000, akiwa na risiti. Kwa hiyo Prague usitupe risiti. Anayekuvuta mtaani akisema ana bei nzuri kuliko duka, mpite. Noti atakazokupa zinaweza kuwa bandia, au za nchi nyingine kabisa zinazofanana sura.

ATM kwa kawaida ndiyo inayokupa bei iliyo karibu zaidi na ya soko, ukiondoa ada. Ada ni mbili: ya mwenye mashine, inayotajwa kwenye kioo, na ya benki yako, ambayo mara nyingi huiona baadaye kwenye taarifa. Kwa sababu sehemu ya ada hiyo huwa haibadiliki kwa kila muamala, kutoa mara mbili kubwa ni nafuu kuliko mara nane ndogo. Hapo unapima: makato yanakuambia toa nyingi, usalama unakuambia toa kidogo. Mimi hutoa nyingi kiasi, asubuhi, kisha naenda moja kwa moja chumbani kuzigawa.

Sasa kuna mtego mmoja unaokula pesa nyingi kuliko ada zote, na umevaa sura ya msaada. Unaweka kadi, unachagua kiasi, kisha mashine inauliza kama ungependa kukatwa kwa sarafu ya kwenu. Inakuonyesha kiasi hicho kwa sarafu unayoijua, na moyo unatulia. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na cha kijani. Ukikibonyeza, umewapa wao haki ya kupanga bei ya kubadilisha, na wanajiongezea. Ukikataa, muamala hausimami. Unaendelea, na bei inapangwa na mtandao wa kadi yako (Visa au Mastercard) na benki yako, ambayo mara nyingi ni nafuu. Swali hilo hilo hutokea kwenye kimashine cha mgahawani, na wakati mwingine mhudumu anakuchagulia bila kukuuliza. Tazama kioo kabla ya kuweka namba ya siri. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Aprili 2020 wanatakiwa kuonyesha, kwa kadi za huko, ni asilimia ngapi wameongeza juu ya bei ya Benki Kuu ya Ulaya, kwa hiyo namba ikiwepo pale, isome. Lipa kwa sarafu ya nchi uliyopo, siku zote.

Kati ya ATM na ATM pia kuna uchaguzi, na huu nilijifunza Jumamosi ile. Mashine iliyosimama peke yake kwenye duka la zawadi au kona ya barabara ya watalii ina ada kubwa na ni rahisi kuchezewa. Mashine ya ndani ya tawi la benki, saa za kazi, ikimeza kadi kuna mtu wa kumgeukia ukiwa bado umesimama pale. Nenda huko, asubuhi, siku ya kazi. Tikisa kidogo mdomo wa kuingizia kadi. Kifaa cha kunakili kadi kilichobandikwa juu na wezi hulegea. Funika mkono unapobonyeza. Na mtu mwema anayejitokeza kukusaidia mashine inapogoma, mshukuru kwa mbali.

Mwilini au chumbani

Mfuko mwembamba wa kuvaa ndani ya nguo kiunoni unalinda vizuri kuliko chochote, mradi hauufungui mbele za watu. Anayeinua shati kaunta kuchomoa noti ameshaonyesha ghala liko wapi. Ule ni wa akiba: pasipoti ukiibeba, kadi moja, noti kubwa. Matumizi ya siku yakae mfuko wa mbele wa suruali, tena wenye zipu ukipata. Mfuko wa nyuma na begi la mgongoni ni mali ya umma kwenye treni iliyojaa. Wachomozi wa Barcelona kwenye metro na mtaa wa La Rambla, au wa basi namba 64 la Roma linalotoka kituo cha Termini kuelekea Vatikani, hawahitaji zaidi ya msukumano mmoja mlangoni.

Sanduku la chuma la chumbani si salama kama benki, kwani hoteli ina namna ya kulifungua mgeni anaposahau namba. Bado ni afadhali kuliko meza. Ninachokiepuka ni kuweka vyote mahali pamoja, popote pawe. Kadi moja mwilini, nyingine chumbani, noti zimegawanyika.

Pasipoti ndiyo inayogawa watu. Kubeba halisi kuna hatari ya kuibiwa, na kupata hati nyingine ubalozini ni siku kadhaa za kupanga foleni badala ya kutembea. Kuiacha kuna hatari ya kukutana na askari. Jibu linategemea nchi. Japani, kwa mfano, sheria inamtaka mgeni wa muda mfupi awe na pasipoti yake halisi popote alipo, kwa hiyo huko ibebe. Pale ambapo sheria haidai, nakala ya karatasi mfukoni na halisi chumbani ndio mpango wangu.

Kibaka au tapeli

Hawa wawili hukabiliwa tofauti. Kibaka anataka usimwone. Tapeli anataka umtazame usoni. Dhidi ya kibaka dawa ni mifuko na mahali unaposimama, nimeshayasema. Dhidi ya tapeli dawa ni kukubali kuonekana huna adabu, na hili ni gumu kwa mtu aliyelelewa kuitikia salamu. Kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, Paris, kijana atakushika mkono na kukufunga uzi wa rangi kabla hujajibu, kisha adai malipo. Karibu na mnara wa Eiffel utaletewa karatasi utie sahihi kwa ajili ya walemavu, na wakati unasoma mwenzake anafanya kazi upande wa pili. Mikono mfukoni, endelea kutembea, usisimame hata kukataa.

Aliyevaa kiraia akijitambulisha kama askari na kutaka kukagua noti zako, usifungue pochi. Mwambie mtakwenda pamoja kituoni, au piga namba ya dharura mbele yake: 112 nchi zote za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 110 kwa polisi wa Japani. Askari wa kweli ataelewa.

Na mwenye silaha ni suala jingine kabisa. Mpe. Ile pochi yenye matumizi ya siku ndiyo kazi yake hiyo.

Kutoka uwanja wa ndege

Saa ya kwanza ndiyo unayokuwa mnyonge zaidi, na mizigo yote mkononi. Treni ina nauli iliyoandikwa na haina mazungumzo, kwa hiyo mchana, ukiwa na begi moja, ichague. Usiku au na watoto, teksi ya foleni rasmi au gari uliloita kwa programu. Programu inakuonyesha bei kabla na kuacha kumbukumbu ya dereva ni nani. Linganisha namba ya gari kabla ya kufungua mlango, na yeye ndiye ataje jina lako. Teksi ya foleni rasmi haihitaji intaneti. Majiji kadhaa yamepanga nauli moja isiyobadilika: Paris kutoka Charles de Gaulle na Orly, Roma kutoka Fiumicino hadi katikati ya mji, New York kutoka JFK hadi Manhattan, ingawa hapo zinaongezwa tozo za barabara. Itafute namba hiyo kabla ya safari na uitaje ukiwa bado umesimama nje ya gari. London, gari lisilo teksi rasmi nyeusi haliruhusiwi kuokota abiria mtaani bila kuitwa kabla. Na popote duniani, anayekufuata ndani ya ukumbi wa kuwasili akinong'ona "teksi" si wa kupanda naye.

Ninavyopanga sasa

Kwa safari ya siku chache nachukua kadi mbili za benki mbili tofauti, mtandao mmoja Visa na mwingine Mastercard, kwa sababu mtandao mmoja ukigoma siku hiyo mwingine kwa kawaida uko hai. Moja mwilini, moja kwenye soksi. Noti za siku mbili za sarafu ya kule, na dola chache safi ndani ya kitabu. Kwa mwezi mzima naongeza simu ya akiba. Mkisafiri wawili, gawaneni: kila mmoja abebe kadi ya akaunti isiyo ya mwenzake, na mmoja wenu asiwe ndiye mwenye kila kitu.

Na karatasi. Namba za kufungia kadi zinazopokea simu kutoka nje ya nchi, namba ya ubalozi, anwani ya hoteli kwa maandishi ya nchi ile, namba ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani. Nakala mbili, kwa kalamu.

Jumatatu ile saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni mwa benki. Mhudumu alinisikiliza kwa upole, akaingia ndani, akarudi na bahasha ndogo. Kadi yangu ilikuwemo, imekatwa vipande viwili. Kadi za benki nyingine hawazirudishi, aliniambia, ndio utaratibu wao. Nilipiga simu kwa benki yangu kuomba mpya. Waliituma kwenye anwani ya nyumbani, na huko ndiko ilikonisubiri hadi niliporudi.